Mkurugenzi wa Maji ya Mtaro

Kwa miaka mitatu nilikuwa Mkurugenzi wa Maliasili wa Jimbo la Texas, na jimbo lenyewe halikuwa na habari.

Niseme kazi yangu halisi kwanza, maana hiyo ndiyo iliyokosa kusemwa muda wote huo. Asubuhi na mapema hutoka nyumbani kwangu Stafford, kando ya Houston, nafika ofisi ya idara ya kanda, nachukua gari, navaa buti za mpira zinazofika kiunoni na kuingia mtaroni. Nachota maji kwenye chupa, naandika lebo, napanga chupa kwenye sanduku la barafu na kuzipeleka maabara. Huko wenye elimu yao huyapima. Mimi huchota tu. Katika idara yetu kuna ngazi nyingi za watu, na nikianza kuhesabu kutoka juu, nachoka kabla sijajifikia.

Naitwa Sheldon Mutuku, mzaliwa wa Mwala, Machakos. Nilikuja nchi hii na diploma ya misitu ambayo hakuna aliyeniomba kuiona. Nilipakia masanduku kwenye ghala moja Euless, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, kisha nikahamia Houston nikaogesha wazee kwa miaka saba. Nilipopata kazi ya jimbo nilikuwa nakaribia hamsini. Niliiona barua ile ya kuajiriwa, nikakaa kwenye ngazi za nyumba yetu na kulia kidogo. Hilo sikumwambia mtu.

Mke wangu Kathure, ambaye ni nesi, ndiye aliyetangaza habari. Alisema ukweli mtupu: "Mume wangu ameajiriwa na jimbo, mambo ya maliasili." Bahati mbaya alimwambia Nderitu.

Nderitu anaishi Euless na siku za wiki anapanga mizigo ya ndege. Wikendi ni MC. Hakuna harusi wala ubatizo wa Wakenya kati ya Dallas na Houston ambao haujapita mdomoni mwake, na Nderitu hawezi kumtaja mtu bila kumpandisha cheo. Mwenye gari moja la kubeba abiria atakuwa mwenyekiti wa kampuni ya usafiri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni daktari. Kwenye karamu ya kwanza baada ya mimi kuajiriwa, alishika kipaza sauti akasema, "Itifaki izingatiwe! Leo tuko naye, wapendwa, Director wa Natural Resources, State of Texas, Mheshimiwa Sheldon Mutuku! Mheshimiwa, simama watu wakuone!"

Ningeweza kubaki nimekaa. Ningeweza kucheka na kutikisa kichwa. Badala yake nilisimama, nikafunga kifungo cha koti na kupunga mkono. Nikiulizwa siku ya kiyama dhambi yangu ilianza wapi, nitaonyesha kile kifungo.

Gari nalo lilinisaidia kudanganya. Ni pikapu nyeupe yenye nembo ya jimbo mlangoni. Sisi tuliolelewa Kenya tunajua mtu anayeshuka kwenye gari la serikali ni mtu wa namna gani, na si mchota maji. Siku moja nilipita kumsalimia Kathure kazini nikiwa na gari hilo, na wiki haikuisha kabla habari haijafika Dallas kwamba serikali imenipa gari. Hakuna aliyeuliza kwa nini gari la mkurugenzi lina matope mpaka juu ya tairi.

Basi nikaanza kuishi kama mkubwa. Nilikaa meza ya mbele. Nililetewa paja la kuku kabla foleni haijaanza. Watu walinijia na mambo yao: mmoja alitaka kujua kama anaweza kuwinda paa, mwingine jirani yake alikuwa amekata mti. Nami nilikunja uso, nikatazama mbali na kusema, "Tunalifanyia kazi." Ni ajabu jinsi maneno hayo mawili yanavyomtosha mtu. Nilikuwa nimeyasikia utotoni kutoka kwa chifu wetu, naye hakufanya kazi yoyote.

Nyumbani Kathure alinionya, na binti yetu Angel akanikumbusha mimi ni nani. Ana miaka kumi na sita na hujibu kwa Kiingereza hata ukimsemesha kwa Kikamba. "Dad," aliniambia siku moja nikivaa tai, "you carry a cooler." Kweli, nabeba sanduku la barafu. Nilimwambia aende akasome.

Sasa nimlete Léoncie. Ni mama wa Kirundi wa miaka kama sitini, aliyekaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Houston, na hufanya kazi ya kuhudumia wazee pamoja na Kathure. Anaishi Sharpstown, mtaa wa Houston, kwenye nyumba za kupanga zilizobanana. Nyuma ya nyumba hizo kuna kipande cha ardhi ambacho mwenye nyumba alikuwa hakitumii, na ubavuni mwake unapita mtaro. Léoncie na wanawake wenzake walimwomba mwenye nyumba kipande hicho. Wakang'oa magugu, wakaokota vioo na matairi, wakapanda lengalenga, yaani mchicha wao, maharage na muhogo wa sombe, ambayo sisi twaiita kisamvu. Wakati wa kiangazi huchota maji ya mtaroni kwa ndoo na kumwagilia. Miezi kumi kwa mwaka hawanunui mboga. Mimi mwenyewe nimekula lengalenga ile mara nyingi, maana Léoncie hakuacha Kathure arudi nyumbani mikono mitupu.

Siku moja mwezi wa nne, Léoncie alinitumia picha kwa WhatsApp. Ilikuwa ya bango lililofungwa kwenye uzio juu kidogo ya bustani, la Kiingereza na Kispanyola. Karakana moja ya kusafisha vyuma kwa dawa ilikuwa inaomba kibali cha kumwaga maji yake machafu katika mtaro ule. Chini ya picha aliandika: "Mheshimiwa, shikamoo. Tumeona hii. Sisi tuna wasiwasi na bustani. Tuandike barua?"

Hapo ndipo ninapojichukia, kwa hiyo nitasema haraka. Nilijua utaratibu kuliko mtu yeyote wanayemfahamu. Tangazo likibandikwa, umma una siku thelathini za kuandika maoni, kwa lugha yoyote. Wakiandika, mkurugenzi wa kweli lazima aitishe mkutano na kuwasikiliza kabla ya kuamua. Wasipoandika, faili inakwenda mezani kwake Austin, makao makuu, na anatia sahihi. Ndiyo kazi yake. Hawezi kujua kwamba kuna maharage mahali ambapo hakuna aliyemwambia kuna maharage.

Nilitakiwa kujibu neno moja: "Andikeni." Nilikuwa kwenye foleni ya duka, nimevaa tai. Nikamjibu: "Nimeona. Nitalishughulikia."

Léoncie akajibu kwa mikono miwili iliyokunjwa ya kushukuru, kisha akawaambia wanawake wenzake watulie, maana mkurugenzi ni mtu wetu. Mkurugenzi anakula lengalenga yetu. Kuna haja gani ya kumwandikia barua mtu wa nyumbani?

Sikulishughulikia. Nilikusudia kumuuliza msimamizi wangu, lakini kumuuliza kungekuwa kusema kwamba mimi si wa kuamua, na nilikuwa nimezoea kutosema hilo hata kwangu mwenyewe. Siku zikapita. Ijumaa moja nilipeleka karatasi zangu kwa karani, nikaiona faili ya karakana ile juu ya meza yake, tayari kwenda Austin. Kwenye ukurasa wa mbele palikuwa na mistari mitatu. Matumizi ya maji upande wa chini: hakuna. Maoni ya umma: hakuna. Mwisho wa kupokea maoni: Jumatatu, saa kumi na moja jioni.

Nilitoka nje mbio. Nilimpigia Léoncie, simu haikushikwa. Nikakumbuka kwa nini haikushikwa. Alikuwa anapika kwa ajili ya kesho yake, karamu ya binti yake Clothilde aliyekuwa amemaliza masomo ya unesi. Karamu ilikuwa katika ukumbi hapa Stafford, MC alikuwa Nderitu, na mgeni rasmi alikuwa mimi.

Nilimpigia Nderitu. "Ndugu yangu, kesho usiseme mimi ni director."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si director."

"Boss, hiyo mimi najua. Mimi ndiye nilikupea hiyo kazi. Lakini program isha-print-iwa, na nikiku-demote saa hii, mimi ndiye nitaonekana mwongo. Wacha basi tumalize hii graduation, next month nitaku-retire pole pole."

Kesho yake niliingia ukumbini. Programu ilikuwa kwenye kila kiti, karatasi nzuri nzito, na nyuma yake ilikuwa tupu. Mbele, chini ya picha ya Clothilde, ilisema: *Mgeni Rasmi: Mh. Sheldon Mutuku, Mkurugenzi wa Maliasili, Jimbo la Texas.* Herufi za jina langu zilikuwa kubwa kuliko za Clothilde, aliyefanya mitihani.

Wanawake wote wa bustani walikuwepo, wamevaa imvutano zao za Kirundi. Walinipungia mkono. Nderitu akanipandisha kwa mbwembwe zake zote, nikapokea kipaza sauti. Nilimpongeza Clothilde kwa sentensi mbili. Kisha nikasema, "Ndugu zangu, mimi si mkurugenzi."

Watu wakacheka.

"Nasema kweli. Mimi ni mchota maji. Nachota maji ya mtaro kwenye chupa."

Wakapiga makofi. Mzee mmoja wa kanisa letu akasema kwa sauti, "Unyenyekevu! Viongozi wa nyumbani wangejifunza!" Nderitu akapokea hapo hapo kwenye kipaza sauti cha pili, "Mnaona? Mtu mkubwa hajisifu!" Kadiri nilivyojikana, ndivyo nilivyozidi kupanda. Nilisema sina ofisi, wakafahamu nafanya kazi mashinani na wananchi. Nilisema gari si langu, wakavutiwa na uaminifu wangu kwa mali ya umma. Miaka mitatu nilidanganya kwa kusimama tu, na siku niliyotaka kusema ukweli nilitokwa jasho na hakuna aliyeniamini.

Nikamwangalia Kathure kama mtu anayezama. "Mama Angel, waambie."

Kathure alisimama taratibu. Alikuwa amenionya mara nyingi kwa miaka hiyo, na nilimwona usoni kwamba alikuwa ameingojea siku hii. "Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye hufua suruali zake. Kila Ijumaa nachambua majani ya mtaroni mifukoni. Mara moja nimekuta chura. Mkurugenzi gani anarudi na chura?"

Hapo waliamini. Nderitu alishusha kipaza sauti chake na kutazama viatu vyake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata nilipokuwa nafukuzwa shule kwa karo.

Léoncie ndiye aliyesimama. Hakunitazama kwa hasira. Ingekuwa nafuu. "Na ile bustani?" aliuliza. "Ulisema utashughulikia."

"Sikushughulikia, mama. Sina uwezo. Mnatakiwa mwandike barua. Hakuna barua hata moja kwenye faili. Wameandika kwamba hakuna mtu anayetumia yale maji."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Na sisi ni nani?" Kisha akaongeza, "Mpaka lini?"

"Jumatatu, saa kumi na moja jioni."

Aligeukia meza ya wenzake akasema maneno machache ya Kirundi. Kisha akarudi kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Clothilde mwanangu, utatusamehe, keki itangoja. Nani ana kalamu?"

Kalamu zilipatikana. Manesi hawakosi kalamu. Karatasi ndiyo haikupatikana, mpaka mama mmoja akageuza programu yake, akaona nyuma ni tupu na kuanza kuandika. Wote wakamfuata. Nikaona kitakachotokea. "Hebu ngojeni," nikasema, "niende dukani nilete karatasi safi."

"Hii ina ubaya gani?" akauliza Léoncie.

Nilikaa chini.

Waliandika kwa Kirundi na Kiswahili, na watoto wao wakaandika Kiingereza chini yake. Angel wangu alitafsiri barua kumi na moja bila kuinua kichwa, akiuliza kila mara, "Dad, what's lengalenga?" kana kwamba hajawahi kuila. Clothilde aliandika ya kwake akiwa bado na joho. Jumatatu saa nane mchana Léoncie aliziweka mikononi mwa karani wetu, barua arobaini na tatu, na kila moja, ukiigeuza, ilikuwa na picha ya Clothilde na cheo changu.

Mkutano uliitishwa baada ya wiki tano, kwenye ukumbi wa maktaba. Mkurugenzi alikuja mwenyewe kutoka Austin, Bi. Carmen Ybarra, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mimi nilikuwepo kikazi. Nilitumwa kupanga viti.

Aliwasikiliza wote. Léoncie alizungumza dakika tatu kwa Kiswahili, Clothilde akitafsiri, akaeleza mchicha upi unapandwa mwezi upi na ndoo ngapi zinachotwa kwa jioni moja. Mkurugenzi aliandika kila kitu. Mwishoni akachukua barua moja, akaigeuza na kusogeza miwani.

"Nina swali moja la mwisho," alisema. "Mheshimiwa Sheldon Mutuku ni nani?"

Nilikuwa nyuma kabisa nimeshika kiti cha kukunja. Ningeweza kutoka. Nilikiweka chini nikasema, "Ni mimi, mama."

Alinitazama kuanzia sare mpaka buti. "Nimefurahi kukutana nawe," alisema. "Barua arobaini na tatu zinasema una kazi yangu. Unaionaje?"

"Ngumu," nilisema. "Niliifanya vibaya."

Ukumbi ulicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaandika kitu ambacho sikukipenda. Nitasema sasa hivi, ili usipate wasiwasi bure: hakutia sahihi. Aliamuru maji ya mtaro ule yapimwe upya kwanza, yakapimwa, yakaonekana yanafaa kwa mboga, na ombi la karakana likakataliwa kwa sababu chini yake kuna watu wanaokula. Bustani ipo mpaka leo.

Lakini siku ya kupima ndiyo ninayotaka kumalizia. Mtaro ule uko kwenye eneo langu. Nimechota maji huko miaka mitatu. Kama kuna siku moja katika maisha yangu ya kazi ambapo chupa zangu zilikuwa na maana kwa mtu ninayemjua kwa jina, ilikuwa hiyo, na msimamizi alinizuia kuzigusa. Jina langu lilikuwa nyuma ya barua zote, na ndilo alilokuwa ameandika mkurugenzi pale mkutanoni, kwa hiyo nilihesabiwa kuwa mtu wa upande mmoja. Akatumwa mwenzangu, mama wa Beaumont anayekaribia kustaafu. Niliomba ruhusa ya siku moja, nikaenda na kusimama bustanini pamoja na wanawake, kama mtazamaji.

Tulimwona akishuka taratibu. Akageukia kule maji yanakotoka, akasuuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, akamwaga nyuma yake. Mara ya nne akaijaza, akaifunga, akaandika lebo kabla ya kupanda. Vidole vyangu vilikuwa vinajikunja vyenyewe.

"Anafanya vizuri?" Léoncie aliniuliza.

"Vizuri sana."

"Na wewe unafanya hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Alimtazama yule mama wa Beaumont akifunika chupa kwa barafu, mpaka sanduku likafungwa. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza hakuniita mheshimiwa.

"Mbona ni kazi nzuri, Baba Angel," alisema. "Ulikuwa unatuficha ya nini?"

Hakungoja jibu; alinipa jembe na kunionyesha tuta lenye magugu.